Somo: Kuchagua, kunoa na kutunza vifaa vya karakana ya nyumbani hapa Mombasa

Wengi mmeliomba somo hili, hasa nyinyi mliopata kachumba nyuma ya nyumba au pembe ya baraza na mnataka kuanza useremala mdogo wa nyumbani. Niseme mapema ninachokiamini: usianze na lile sanduku la plastiki lenye vifaa chungu nzima. Vifaa vichache vyenye makali na vilivyopakwa mafuta vitakufanyia kazi ambayo sanduku zima halitaifanya. Na sisi tuko pwani. Chumvi ya bahari inaingia hadi kabatini, kwa hiyo kifaa cha chuma kisichotunzwa huanza kuota kutu kabla hujakizoea mkononi.

HATUA YA 1: Anza na kazi, si na duka

Ukiingia dukani bila kujua unataka kutengeneza nini, utatoka na vitu usivyovihitaji. Kazi ya kwanza ninayompa mwanafunzi ni kibao cha mbuzi. Kila nyumba inakuna nazi, kwa hiyo kitatumika, na ufundi wote wa msingi umo ndani yake: kukata mbao kwa kipimo, kupiga randa mpaka anayekaa asichomwe na kibanzi, kuchimba tundu refu ili ubao mmoja upite ndani ya mwingine, na kutoboa shimo la pini ya kukunjia. Kile chuma chenye meno nunua tayari.

Kwa kazi hiyo unahitaji msumeno wa mkono, randa, patasi mbili (milimita 12 na 25), nyundo, skwea ya kupimia kona za mraba, futi ya kuvuta, drili au keekee ya mkono, na jiriwa mbili za kubania mbao mezani. Ongeza kitu cha kunolea, ambacho wanaoanza karibu wote hukisahau. Vingine vyote nunua siku kazi itakapovidai.

HATUA YA 2: Kagua kifaa kabla ya kulipa

Muuzaji mwema hatakukataza kujaribu. Nenda asubuhi, kabla duka halijajaa watu.

Skwea: tafuta ubao wenye ukingo ulionyooka. Weka skwea, piga mstari kwa penseli. Igeuze upande wa pili, piga mstari mwingine kutoka alama ile ile. Mistari ikilaliana, skwea ni sawa. Ikiachana, irudishe, maana kila kiungo utakachokipima kwayo kitakuwa na kosa hilo.

Futi: ile ndoano ya mwanzo inachezacheza kidogo. Usiigonge ukidhani imelegea. Imeachwa hivyo makusudi, icheze kiasi cha unene wake, ili kipimo kiwe kimoja ukiivuta kwa nje au ukiisukuma kwa ndani.

Nyundo: tazama mpini kwa upande wa chini. Nyuzi za mti zikimbie kutoka kichwani hadi mkononi. Zikikatisha kwa mshazari, mpini huo utavunjika.

Msumeno: shika mpini, elekeza ncha mbali nawe, funga jicho moja, utazame kwa urefu. Ukiona bati limepinda, achana nao.

Patasi na randa, usihangaike na ukali wa dukani. Hata mpya nyingi hazijanolewa za kutosha kufanya kazi. Angalia chuma tu: kisiwe na ufa wala mashimo ya kutu karibu na makali.

HATUA YA 3: Kunoa

Hapa ndipo napenda mkae sana. Mtu husema mbao ni ngumu, mvule hauchongeki, randa ni mbovu, kumbe patasi yake haijaona kinoo tangu inunuliwe. Halafu patasi butu ni ya hatari kuliko kali, kwa sababu unaisukuma kwa nguvu zote, inateleza, na mkono wa pili uko mbele yake.

Huna haja ya mawe ya bei. Tafuta kipande cha kioo kinene, milimita 6 hadi 10, mafundi wa vioo huwa na vipande vilivyobaki. Sugua kingo zake zisikukate. Nunua msasa wa maji namba 240, 400 na 1000. Lowesha kioo, lalisha msasa juu yake, utashika wenyewe.

Kwanza noa mgongo, yaani ule upande bapa. Ulaze kabisa juu ya msasa wa 240 na usugue ile sentimita mbili tatu ya mwisho mpaka mikwaruzo iwe ya namna moja hadi kwenye makali. Panda 400, kisha 1000. Mgongo ukikaa sawa, kazi hiyo huirudii tena maisha ya kifaa hicho, ila kuupitisha kidogo kila unaponoa.

Sasa upande wa mteremko. Patasi na chuma cha randa hukatwa kwa digrii 25 hivi, na makali yenyewe hunolewa kwa digrii 30. Weka mteremko juu ya msasa mpaka usikie umekaa, kisha nyanyua kidogo sana, kiasi cha nywele. Vuta ukirudi nyuma, bana viwiko mbavuni, mwendo utoke mabegani. Viganja vikicheza, makali yatakuwa ya mviringo.

Utajuaje umefika? Pitisha ncha ya kidole kwenye mgongo, kutoka katikati ya chuma kwenda nje ya makali, kamwe si kwa kufuata urefu wa makali. Ukihisi kijikunjo chembamba cha chuma upana wote, umefika. Kama kipo upande mmoja tu, endelea. Kikishapatikana kote, hamia 400, halafu 1000, kisha laza mgongo na uvute mara chache kukiondoa. Malizia kwenye kipande cha ngozi ya kiatu kilichogundishwa ubaoni.

Jaribio langu ni kichwa cha mbao laini, pale penye pete za mti. Chukua saipresi, kata kwa kusukuma mkono tu. Patasi kali inaacha uso unaong'aa. Butu inaponda na kuacha unga.

Ukitumia jiwe la umeme kuondoa pengo kwenye makali, gusa kwa muda mfupi na uchovye majini kila mara. Chuma kikigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umepotea hapo, na makali hayatakaa mpaka uondoe sehemu hiyo yote.

HATUA YA 4: Kutumia

Msumeno: anza kwa kuuvuta nyuma mara mbili tatu ukiongozwa na kidole gumba kilichosimama juu ya mstari, kisha sukuma kwa urefu wote wa bati. Usiubane kwa nguvu, uzito wake unatosha. Kata kando ya mstari, upande wa kipande kinachotupwa, ili mstari ubaki ukiuona.

Randa: sahani ya juu ya chuma ikae nyuma ya makali milimita moja hadi mbili. Toa chuma kidogo kidogo mpaka maranda yatoke membamba kama karatasi. Mbao ikinyofoka, geuza upande, unakwenda kinyume cha nyuzi. Paka nta ya mshumaa chini ya randa, utashangaa ilivyokuwa nyepesi. Mwanzo wa ubao gandamiza mbele, mwisho gandamiza nyuma.

Patasi: mikono yote miwili iwe nyuma ya makali. Mbao ishikwe na jiriwa, si na mkono wako. Hili silijadili na mtu.

HATUA YA 5: Vya umeme

Nunua drili kwanza. Umeme wetu ni volti 240, kwa hiyo mashine za mtumba kutoka Marekani za volti 120 zitaungua bila transfoma. Soma kibati chake kabla ya kulipa. Plagi iwe ya miguu mitatu ya bapa yenye fyuzi. Ekstensheni ya kuzungusha ikunjue yote unapoendesha mashine kubwa, maana waya uliojiviringa hupata moto.

Kwa grinda, kata na usage chuma na kinga yake ikiwa mahali pake, miwani machoni. Kasi iliyoandikwa kwenye diski isiwe chini ya ile ya mashine. Diski nyingi za kukatia zina tarehe kwenye ile pete ya chuma ya katikati. Ikipita, itupe.

HATUA YA 6: Kupambana na kutu

Jasho la mkono lina chumvi, na hewa yetu ina chumvi. Kila jioni pangusa chuma kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Tone mbili tatu zinatosha. Kitambaa hicho kikae kwenye kopo lenye kifuniko, karibu na meza, ili usitafute kisingizio. Ukiishiwa, mafuta ya nazi yatakusaidia kwa muda.

Usiweke vifaa kwenye sanduku la kadibodi wala sakafuni, vyote viwili hushika unyevu. Patasi uzifunge kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta. Msimu wa masika na kusi fungua sanduku kila wiki hata kama hufanyi kazi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Kisauni): Fundi, hapa yuko mtu yuwauza randa ya zamani, ya chuma kizito, lakini imeliwa na kutu. Niichukue?

Jibu: Tazama mdomo wake, pale chuma kinapotokea. Ukiona ufa, iache. Kama ni kutu ya juu tu, ichukue, vyuma vya zamani vingi ni vizuri. Ifungue yote, toa mipini ya mbao, vitie vipande vya chuma kwenye siki usiku mmoja. Asubuhi sugua kwa brashi, suuza kwa maji yenye bekingi soda, ukaushe juani papo hapo na upake mafuta. Usivisahau humo siku nyingi, siki itaanza kula chuma kizima.

Swali (Mji wa Kale): Salaam aleikum. Nikitoboa ukuta kufunga rafu, shimo linapanuka na fisha, kile kiplastiki cha kushika skrubu ukutani, inazunguka bure. Drili ni mpya na biti ni ya zege.

Jibu: Waaleikum salaam. Nyumba zenu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, si zege. Zima ile nyundo ya drili, uache izunguke tu, na uanze na biti ndogo kuliko fisha kwa milimita moja. Tumia fisha na skrubu ndefu zifike kwenye jiwe, maana plasta ya chokaa peke yake haibebi. Shimo lililokwisha haribika lijaze chokaa na mchanga, subiri likauke kabisa, ndipo utoboe tena.

Swali (Changamwe): Mzee, kuna diski ya meno ya kukatia mbao inayoingia kwenye grinda. Yafaa?

Jibu: Hapana, mwanangu. Grinda ndogo inazunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, na meno yakikwama kwenye mbao mashine inaruka kwa mikono yako au usoni kabla hujatambua. Msumeno wa mkono ulionolewa utamaliza kazi yako ukiwa na vidole vyote. Kazi ikizidi, nunua msumeno wa mviringo uliotengenezwa kwa ajili ya kukata mbao.

Swali (Tudor): Shikamoo fundi. Naishi gorofani, ghorofa ya tatu, na jirani hapendi kelele. Naweza kuanza?

Jibu: Marahaba binti yangu. Unaweza sana. Msumeno, randa na patasi hazipigi kelele ya kumkera mtu. Tafuta meza nzito, weka mkeka au zulia kuukuu chini ya miguu yake, na mbao uibane kwa jiriwa. Uchimbaji wa tundu kwa nyundo ufanye mchana. Au punguza kwanza kwa drili, utoboe mashimo yaliyopangana, ubaki kusafisha kwa patasi kwa mkono tu.

Swali (Likoni): Kila nikipiga msasa mvule napiga chafya na ngozi inawasha. Ni vumbi tu?

Jibu: Ni vumbi, lakini la mvule lina dawa yake ya asili inayowasha ngozi na kuziba kifua. Vaa barakoa ya N95, si kitambaa, na ufanyie kazi penye upepo unaopeleka vumbi mbali nawe. Ukianza kukosa pumzi, acha mti huo na umwone daktari. Piga randa badala ya msasa kila inapowezekana, maranda hayaruki.

Swali (Mtwapa): Msumeno wangu una meno yenye ncha nyeusi. Tupa ya pembe tatu inateleza tu juu yake. Nifanyeje?

Jibu: Meno hayo yamepashwa moto kiwandani yakawa magumu, tupa haiyali. Yakiisha, msumeno umekwisha. Usiutupe lakini, bati lake ni chuma kizuri, likate vipande ufanye vikwaruzo vya kulainishia mbao. Ukinunua mwingine na unataka kuunoa mwenyewe, chagua wenye meno ya rangi moja na bati lake, na jaribu tupa kwenye jino la mwisho karibu na mpini. Ikiuma, ni huo.