Siku mbaya za dagaa zina tarehe: ninavyojipanga hapa Kibirizi

Kila anayeingia kwenye biashara ya dagaa hapa Kigoma anapewa ushauri uleule: vumilia, biashara ina kupanda na kushuka. Sawa. Lakini kuvumilia bila mpango ni kushinda na njaa tu. Nimeona wanawake wenye moyo kuliko mimi wakiacha mwalo, yaani ufukwe tunaponunulia dagaa wabichi ili tuwaanike, baada ya msimu mmoja, na hawakuwa wavivu. Siku mbaya ziliwakuta hawajaziwekea hesabu. Na siku mbaya za dagaa, mdogo wangu, nyingi tunazijua kabla hazijafika.

Tuanze na mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Kukiwa na giza, dagaa wanaufuata mwanga, wanakusanyika chini ya taa, wavu unapandishwa. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa zima lina mwanga, dagaa wanatawanyika, mitumbwi inavutwa mchangani na wavuvi wanakaa kushona nyavu. Kwa hiyo kila mwezi kuna wiki nzima, pengine na siku za juu yake, mzigo mpya hakuna au ni wa kugombania. Usiite mkosi jambo linalorudi kila mwezi. Kalenda ya Kiislamu ya ukutani inatosha kabisa, hata kama wewe ni Mkristo: tarehe 13, 14 na 15 za mwezi mwandamo ndipo mbalamwezi imejaa. Zungushia wino siku za kabla na za baada yake, mwaka mzima, ubandike pale unapoweka hela.

Halafu fanya hivi. Giza likiingia, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi, dagaa wanajaa mwaloni na bei inaporomoka. Wengi wanauza wote upesi wapate hela ya kununulia kesho. Mimi katika kila magunia matano natenga moja, tena lile lililokauka vizuri kuliko yote. Naliita gunia la mwezi. Mbalamwezi ikianza, wauzaji wanapungua, bei inapanda yenyewe, na gunia hilo ndilo linalolipa kodi na ada huku wenzangu wakikopa. Ila lazima wawe wamekauka kweli: mkunje dagaa mmoja, akipinda bado, akivunjika ndiyo. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta, na ulifungue mara kwa mara uangalie wadudu. Atakayekushauri upulize dawa ya wadudu juu ya chakula cha watu, usimsikilize.

Mvua ndiyo mtihani wenyewe. Kwetu inaanza Oktoba au Novemba na inaendelea hadi Aprili, wakati mwingine inagusa Mei. Dagaa mbichi hana subira. Umenunua alfajiri, jua likikunyima hadi mchana ameshaanza kunuka. Watu wanadhani shida ni kuanika, wakati hasara yenyewe mara nyingi imeshaingia saa kumi na mbili asubuhi, pale unaponunua mabeseni mengi kwa sababu bei imekuvutia.

Kanuni yangu ya mvua ni moja, na nikilazimika kukuachia neno moja tu katika haya yote, nakuachia hili. Dagaa walioharibika hawatupwi, wananunuliwa na watengeneza chakula cha kuku, kwa bei ya kusikitisha. Ijue bei hiyo. Siku ya mawingu, kabla hujatoa hela, jiulize: mzigo huu wote ukienda kwa bei ya kuku, kesho nitaweza kununua tena? Kama jibu ni hapana, punguza mabeseni hadi jibu liwe ndiyo. Hapo utapata hasara na bado utakuwa mwaloni kesho yake asubuhi. Na namba ya huyo mnunuzi wa chakula cha kuku iwe kwenye simu yako tangu Septemba. Ukimtafuta mvua inanyesha, yeye ndiye atakayepanga bei.

Upande wa kazi yenyewe, acha mchanga. Mchangani dagaa wanakauka juu, chini wana maji, na mteja wa Dar akitafuna akakuta mchanga harudi. Jenga chanja ya miti na wavu wa waya, kimo cha kiuno, upepo upite chini. Kipindi cha mvua tandaza wachache kuliko kawaida, wasilaliane. Turubai usilitupie moja kwa moja juu ya dagaa, wanatoa jasho na kugeuka wekundu. Nimepinda fito juu ya chanja, turubai linakaa juu ya fito, pembeni pako wazi. Mawingu yakikusanyika tunafunika, yakiachia tunafunua, hata mara nyingi kwa siku. Inachosha, na mabinti wanaonisaidia wananung'unika. Ikifika alasiri bado ni laini, sisubiri muujiza: nawasha jiko, nawakaanga kwa mafuta, nawauza jioni hiyohiyo soko la Mwanga kwa mafungu. Faida ni ndogo, lakini mtaji umerudi.

Jambo la tatu ni ziwa kufungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimama kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zenye ziwa hili, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaliane. Uchungu wake kwetu waanikaji ni kwamba hicho ni kiangazi, jua la kuanikia ndilo limekolea. Nilinung'unika kama wote. Lakini miezi mitatu huwezi kuivuka kwa gunia la mwezi, hapo unahitaji bidhaa nyingine, na bidhaa hiyo uianze ziwa likiwa wazi, wateja wakuzoee nayo. Mimi niliingia kwenye mawese. Sikutafuta biashara ya mbali: mama anayenunua dagaa wangu kule Tabora anapika, na mawese ya Kigoma anayajua. Namtumia magunia, juu yake madumu mawili. Yanakaa muda mrefu bila kuharibika, hayaogopi mbalamwezi. Jirani yangu alichagua maharage ya Kasulu. Vyovyote, ila kiwe kitu ambacho mteja uliyenaye tayari anakihitaji. Kufungua saluni kwa sababu ziwa limefungwa, hapana.

Hela sasa. Mikopo ya kausha damu isikuingie mlangoni. Riba yake inaumiza, ndiyo, lakini kinachomuua mtu wa dagaa hasa ni marejesho ya kila siku au kila wiki, maana wiki ya mbalamwezi wakopeshaji wanakuja vilevile, na wakikosa hela wanabeba televisheni. Ukijiunga na kikoba, uliza kwanza marejesho ni ya lini; ya mwezi yanaendana na kazi yetu. Halmashauri nayo inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo huo hauna riba. Mtaomba kama kikundi. Sajilini kikundi mapema, lakini msiujengee mpango wote: mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudi 2024, na waliokuwa wanaingojea walingoja.

Kuhusu wateja wa mbali sitasema mengi. Yupo mmoja alipokea mzigo, akazima simu. Tangu hapo, nusu inaingia kabla gunia halijapanda gari, awe mgeni, awe rafiki, awe shemeji. Mashemeji ndio wagumu zaidi.

Na siku uliyopata hasara kubwa, usinunue mzigo kesho yake kwa hasira ya kurudisha. Lala. Kazi hii inatuamsha usiku, na mtu mwenye usingizi hasomi mawingu wala hasomi watu. Mweleze mwenzako mmoja wa mwaloni hasara ilivyokuwa, kwa hesabu, ukimtajia mabeseni na bei. Mara nyingi naye atakutajia ya kwake, na pengine atakukopesha beseni la kuanzia.

Wakati huna mzigo, usipotee. Wapigie wateja wako wote wiki ya mbalamwezi, hata kama huna cha kuwauzia. Waambie hivi: "Dagaa hakuna sasa, giza likiingia nitakupigia, nikuwekee magunia mangapi?" Andika idadi kwenye daftari, mbele ya kila jina. Hiyo ndiyo orodha utakayoshuka nayo mwaloni siku mitumbwi itakaporudi ziwani.