Ukipita Ngezi peke yako, angalia matairi kwanza

Msafiri wa peke yake anayekwenda Ras Kigomasha, kaskazini ya Pemba, mara nyingi hukodi gari na dereva Chake Chake kisha hujali bei tu. Bei utaelewana nayo. Muulize dereva kama ana pampu ya upepo na kamba ya kuvutia.

Lami ukishaiacha Konde, njia ya msitu wa Ngezi ni udongo, na mvua ikinyesha huwa utelezi mtupu. Masika, Machi hadi Mei, mimi ningeahirisha kabisa. Mbele yake, ukishuka ufukwe wa Vumawimbi, ni mchanga mlaini chini ya mivinje. Hapo tairi lililojaa upepo linachimba tu. Mwambie apunguze hadi kama paundi 18, tairi litanuke, aende mwendo mmoja bila kukanyaga breki ghafla. Likianza kuzama asizidishe mafuta. Ashuke, afukue mchanga nyuma ya magurudumu, arudi nyuma kwa alama zake mwenyewe. Pampu ndiyo ya kulijaza tairi tena kabla ya kurudi lami, maana kukimbia na tairi legevu ni kulichana.

Ufukweni msiliegeshe gari chini ya mstari wa mwani mkavu, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa sana.

Msituni chukua mwongozaji pale pale langoni. Ukitaka kuona komba na bundi wa Pemba, mwambie mapema kuwa utabaki hadi usiku, na dereva naye ajue, asije akakuachia msitu.