Wachimba ming'oko (viazi vya porini), liangalieni hili ua

Ndugu zangu wa Lindi na Mtwara, lile ua jekundu lenye kingo za njano, petali zimejikunja kwenda juu, linalotoka porini masika, wataalamu wanaliita Gloriosa superba. Wazee wengi wanalijua kama dawa, wengine wanatwanga kiazi chake wanapaka kwenye viungo vinavyouma, wengine wanaua nacho chawa. Na kweli lina dawa ndani, kolchisini, hospitali wanaitoa kwa wagonjwa wa jongo ila kwa vipimo vidogo sana, ukizidisha inaua.

Sasa shida ni kiangazi, maua yameisha, mashina yamekauka, na ndo muda wenyewe wa kuchimba ming'oko, mtu anakutana na kiazi cha hili ua, anadhani ni ming'oko, anatia kikapuni tu. Kwa hiyo masika hii hii tembea sehemu unazochimbaga, angalia majani: la hili ua ncha yake imejisokota kama mkia wa kinyonga na inashika vijiti, la ming'oko halina hiyo. Weka alama, waonyeshe na watoto. Mtu akila halafu akaanza kutapika na kuharisha usisubiri kesho wala usimpe mitishamba mingine, hospitali moja kwa moja, na kile kiazi beba.