Bendi ya matarumbeta shuleni: sikio kwanza, wimbo baadaye

Shule inayoanza hapa Tabora haihitaji kundi kubwa. Wanafunzi wanane wanatosha: tarumbeta nne, tromboni tatu (zile za mrija wa kuteleza), tuba moja (lile kubwa la sauti nzito). Ngoma zisubiri, maana huficha makosa.

Wiki mbili za mwanzo hakuna wimbo. Chomoa kinywa, kile kikombe cha kupulizia, kila mmoja akipulize chenyewe dakika tano, midomo ikivuma kama nyuki. Kisha wote waimbe "so" kwa mdomo (wengi wameshaizoea kwenye kwaya) ndipo waipulize, ndefu, hesabu nane. Zisipolingana utasikia wa-wa-wa ndani ya sauti. Mawimbi hayo yakipungua kasi wanakaribiana, yakitulia wamefika. Usimtaje aliyekosea, waache watafutane. Ambaye sauti yake imepanda avute mrija wa kurekebisha sauti, ambaye imeshuka ausukume ndani.

Mrekebishane baada ya dakika kumi za kupuliza, si mnapofika tu. Hewa ya ndani ikipata joto sauti hupanda, na jua la Oktoba halichezi, hata saa kumi jioni. Vyombo vikae kivulini, chini ya mwembe.

Halafu leta futi kamba. Bomba la tarumbeta ya kawaida lina takriban sentimita 148. La tromboni ni karibu mara mbili, ndiyo maana iko chini kwa oktava nzima, yaani kama kutoka do ya juu hadi do ya chini. Vali za tarumbeta ni vile vitufe vitatu, kila kimoja kikibonyezwa huongeza kipande cha bomba: ya pili hushusha nusu toni moja (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili), ya kwanza mbili, ya tatu tatu. Sasa waulize: mbona ya kwanza na ya tatu zikibonyezwa pamoja noti inapanda kidogo? Waache wapige hesabu. Ya kwanza huongeza karibu sentimita 18, ya tatu 28, jumla 46. Kushuka nusu toni tano kunataka karibu 50, kwa hiyo bomba ni fupi mno. Dawa ni kuvuta mrija wa vali ya tatu kama sentimita 2 tu, kwa sababu una miguu miwili na kila mguu unaongeza zake.

Anayeona kizunguzungu akae, apumue kawaida. Mwenye alama nyekundu ya duara mdomoni anakandamiza kinywa badala ya kusukuma pumzi, apumzishe midomo.

Kila mtoto awe na kinywa chake, kioshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu kila wiki. Vali ikikwama usiigonge: ifungue, ifute vumbi, tia matone matatu ya mafuta ya vali. Mafuta ya kula yanaganda.