Fizi Zinazotoka Damu: Namna ya Kuzitibu na Kuzikinga
Damu inayotoka kwenye fizi wakati wa kupiga mswaki mara nyingi husababishwa na ukoga, yaani utando wa bakteria unaoganda pale jino linapokutana na ufizi, na kosa kubwa ni kuacha kusugua mahali hapo kwa hofu, ilhali ndipo panapohitaji kusafishwa zaidi. Tumia mswaki laini, uulaze kwa pembe ya nyuzi 45 kuelekea kwenye ufizi, usugue taratibu kwa dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi, kisha upitishe uzi wa meno katikati ya meno. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu huondolewa na daktari wa meno. Acha tumbaku, na mwenye kisukari adhibiti sukari yake, kwani vyote viwili huzidisha maradhi ya fizi. Meno yakilegea, tafadhali usingoje kumwona daktari wa meno, kwa kuwa mfupa unaoyashikilia ukishaliwa haurudi wenyewe.