Ukifunga duka kwa ukarabati, bandika tarehe mlangoni

Kwa wenzangu wenye vijiduka Mji Mkongwe: ukifunga kwa ukarabati, bandika mlangoni karatasi yenye tarehe ya kufungua na namba ya simu. Mteja akikuta kufuli tupu hudhani umehama, na akishazoea duka jengine ni tabu kumrudisha. Tarehe itaje fundi akishamaliza lipu. Kabla ya hapo namba peke yake inatosha. Kuta zetu za mawe na chokaa hukauka polepole, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, huchelewa zaidi. (Saruji isikutamanishe, huzuia unyevu ndani ya ukuta.) Tarehe ikipita na bado umefunga, ibadilishe siku ileile, kwani watu hawataiamini tena.