Kupiga mibuyu kwa filamu ya infraredi, ukiwa Dodoma

Agosti moja nilibeba kamera hadi Mpunguzi, nikamaliza mkanda mzima kwenye mibuyu. Jua lilikuwa kali, anga halina hata wingu, nikaamini hiyo ndiyo hali ya hewa ya infraredi. Nilipousafisha mkanda nikakuta miti mikavu juu ya ardhi ya kijivu, picha ambazo filamu yoyote ya kawaida ingenipa. Mbuyu wa Agosti hauna jani, na infraredi ni picha ya majani.

Jani bichi hurudisha kwa wingi ule mwanga tusiouona kwa macho, unaoanzia kama nanomita 700 kwenda juu. Kwenye picha hutoka jeupe kana kwamba limenyunyiziwa unga, huku anga la buluu na maji ya bwawa yakiwa meusi. Mmarekani Robert Wood alichapisha picha za namna hii tangu mwaka 1910. Basi hapa kwetu msimu wake ni mvua zikishakolea, Januari hadi Aprili, siku inayopambazuka safi baada ya mvua ya usiku. Kiangazi kikikukuta na mkanda mkononi, piga mwarobaini, au nenda kwenye mizabibu: zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kuna mashamba yanayokuwa na majani wakati pori lote limekauka.

Mimi hutumia filamu ya Rollei Infrared 400, inayoona hadi karibu nanomita 820. Ilford SFX 200 huishia kama 740, kwa hiyo ukiivalisha filta nyeusi ya 720, inayopitisha mwanga wa kuanzia kama nanomita 720 tu, unaiachia upenyo mdogo mno. Kodak HIE usihangaike nayo. Iliacha kutengenezwa mwaka 2007, na mkanda wa miaka yote hiyo si wa kutegemea.

Kamera yangu ni Pentax K1000 ya marehemu baba, na kwa kazi hii siibadilishi na mpya. Baadhi ya kamera za kielektroniki huhesabu matundu ya mkanda kwa kitaa kidogo cha infraredi kilichomo ndani, na kitaa hicho huunguza ukingo wa filamu. K1000 inasogeza mkanda kwa nguvu ya kidole gumba tu. Ila kagua mfereji unaozunguka mlango wa nyuma. Sponji yake ya zamani hugeuka uji mweusi unaonata, na mwanga hupita hapo. Nilikwangua yangu kwa kijiti cha meno na spiriti hadi chuma kikaonekana, kisha nikalaza uzi mweusi wa sufu nilioununua sokoni Majengo, nyuzi mbili kila upande. Mlango ukifungwa unapaswa kukaza kidogo.

Weka mkanda ndani ya chumba chenye giza, au chini ya blanketi zito. Filamu hii ina plastiki angavu, na ule ulimi unaochungulia nje ya kopo hupitisha mwanga hadi ndani kama mrija. Niliwahi kuuweka kivulini chini ya mbuyu, nikapoteza picha tano za mwanzo kwa ukungu.

Sasa shambani. Filta ya 720 ukiitazama ni nyeusi tii, ukishaifunga huoni kitu kwenye dirisha la kamera. Kwa hiyo simamisha kamera kwenye stendi, panga picha, lenga mpaka gome la mbuyu lionekane mikunjo yake, halafu tazama pete ya lenzi. Kama umelenga mita 10, zungusha pete ili hiyo 10 itoke kwenye alama ya katikati ikae kwenye kialama chekundu cha pembeni, kwa sababu infraredi hukutana mbali kidogo na mwanga wa kawaida. Ndipo ufunge filta, taratibu, usiguse pete tena. Mzee mwenye shamba aliniona nikifanya hivyo, akauliza, "Mbona unaifumba macho, binti yangu?" Nikamjibu, "Babu, ikifumba ndipo inaona." Akavuta kigoda akakaa kungoja.

Kipima mwanga cha kamera usikisikilize, hakijui infraredi. Saa 3 hadi saa 5 asubuhi, jua likiwa mgongoni, mimi huweka tundu la lenzi f/11 na kupiga picha tatu kwa muda tofauti: 1/15 ya sekunde, 1/4, na sekunde 1. Naandika kila moja kwenye daftari. Upepo ukianza, acha. Majani yakitikisika sekunde nzima hubaki moshi.

Kusafisha ni kama filamu nyingine, ila maji yetu yana tabia zake. Tangi la juu likipigwa jua, maji ya mchana huwa ya moto. Naloweka chupa za dawa kwenye beseni na pakiti za barafu za mtaani hadi kipimajoto kisome 20. Barafu ikikosekana fanya kwa 24, na ufupishe muda: dakika 10 za kwenye karatasi ya dawa ziwe kama 7. Pindua tangi la kusafishia filamu mara nne mwanzo wa kila dakika. Baada ya fiksa, dawa ya kuifanya picha idumu, huhitaji kuacha bomba wazi nusu saa. Jaza maji, pindua mara 5, mwaga. Jaza tena, mara 10, mwaga. Kisha mara 20. Suuza ya mwisho kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri, ukihakikisha kopo si la asidi. Maji yetu yana chumvi, yakikaukia kwenye mkanda huacha madoa meupe.

Anika bafuni, baada ya mtu kuoga, vumbi likiwa limetulia. Kesho yake inua mkanda mbele ya dirisha. Kwenye mkanda mwanga na giza hugeuka kinyume na picha: majani yawe meusi mazito, na anga karibu tupu kama kioo. Kati ya zile tatu, chagua ambayo ndani ya weusi wa majani bado unaweza kutenganisha tawi na tawi. Mibuyu yangu ya Machi ilikuwa ile ya 1/4.